Ngazi Katikati ya Daraja

Nyamavu ni nchi iliyosahauliwa na ramani zote, nayo haikuwahi kulalamika, kwa kuwa kulalamika huko huhesabiwa utovu wa adabu. Iko baina ya milima ya Utulivu na bonde la Ndiyo, na mto Kitenganisho umeikata mapande mawili. Raia wake ni wakarimu wa chakula na wepesi wa tabasamu, na wana sifa moja inayowapambanua na mataifa mengine ya dunia: hawaulizi. Mgeni akipotea njia huko husimama njia panda akitazama mbingu kwa haiba, mpaka mwenyeji amwonee huruma na kumpeleka anakodhani kuwa anakwenda. Mara nyingi hupelekwa kusiko, naye hushukuru, akarejea kwao na habari tele za mji ambao hakukusudia kuuona.

Fahari ya Nyamavu ilikuwa Chuo cha Kilele. Mwalimu aliyepata cheo cha kufundisha humo alivishwa joho la hariri nyeupe lililomfika vifundoni. Mwanafunzi wake akiuliza swali, sheria ilisema kwamba mwalimu hakueleza, na kutoeleza ni doa, na doa hutiwa uzi mwekundu kwenye pindo la joho. Nyuzi zilianzia chini na kupanda, safu juu ya safu. Kila mwaka, Siku ya Majoho, walimu walipita mbele ya Baraza. Mwenye joho jeupe kupita wote alikalishwa kiti cha mbele, na yule ambaye wekundu umemvuka goti alivuliwa joho hadharani na darasa lake likafungwa.

Mshonaji wa nyuzi hizo alikuwa Bi Sindano, mama mnene, mcheshi, aliyezunguka madarasani na kigoda chake. Akisikia swali, alilamba ncha ya uzi, akajongea mpaka miguuni pa mwalimu, akashona, akarudi mahali pake bila kinyongo. Kwa Ustadhi Fasaha bin Mtiririko, lakini, alikwenda kusinzia tu. Joho la Ustadhi halikuwa na uzi hata mmoja tangu alipolivaa. Alipofungua kinywa, maneno yalishuka kwa mizani na vina, yakamwagika ukumbini kama manukato, na wanafunzi wakamsikiliza wamefumba macho, baadhi yao kwa utamu wa hotuba na wengine kwa sababu zao. Akimaliza, ukumbi ulinyamaza. Nyamavu nzima ilikubaliana kwamba ule ukimya ndio ushahidi wa ubora wa ufundishaji.

Wanafunzi wake ndio waliojenga Daraja la Fahari juu ya Kitenganisho. Ustadhi aliwafundisha: "Nguzo na iinuliwe kimo cha mitende miwili, isimame kwa adhama isiyotikisika." Kundi moja lilianzia ng'ambo ya mashariki, likapima kimo hicho kutoka usoni pa maji. Kundi la pili lilianzia magharibi, likakipima kutoka juu ya ukingo. Kila kundi lilikuwa na wasiwasi wake, na kila kundi likaumeza, maana nani angethubutu kulitia doa joho kama lile? Basi pande mbili za daraja zikakutana katikati ya mto, moja juu ya mwenzake kwa zaidi ya kimo cha mtu. Wajenzi wakatazamana kwa staha. Kisha wakaleta ngazi, wakaisimamisha pale katikati, wakaiita Ngazi ya Taadhima.

Watu wakaizoea. Mikokoteni ilipakuliwa upande wa chini na mizigo ikapandishwa kwa mabega. Wazee walisukumwa kwa nyuma. Watoto wachanga waliobebwa migongoni, hata wawe wamelala usingizi mzito namna gani, walizinduka ngazini na kulia, na kilio hicho kikawa sehemu ya sauti za mji, sawa na jogoo na mchi wa kinu.

Mmoja wa akina mama waliopanda ngazi hiyo kila jioni alikuwa Bainisha binti Upole, mwalimu mdogo kuliko wote pale Kilele, na mtoto wake Chipukizi mgongoni. Bainisha alifundisha darasa la jioni, ambalo hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka, kwa kuwa wanafunzi wake walikuja wamechoka: wafyatua tofali, wasuka mikeka, wauza uji. Yeye mwenyewe alikuwa amesomea humo humo kabla ya kuolewa. Alikuwa akifahamu uzito wa kope za mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri, na alijua pia jinsi zinavyofunguka anapopata jambo la kumkera akilini.

Mtoto ndiye aliyemfunza kufundisha. Alimwona Chipukizi akigusa kifuniko cha sufuria, akimtazama mama yake, akikigusa tena, akikiangusha, akitazama kilikoangukia. Maskini hakuwa na neno hata moja kinywani, lakini siku yake nzima ilikuwa ni kuuliza. Bainisha hakuona ni vipi jambo linaloonekana uhai kwa mtoto lionekane aibu kwa mtu mzima. Kwa hiyo darasani kwake watu waliuliza, na Bi Sindano hakupata nafasi ya kusinzia.

Ikafika jioni moja, Siku ya Majoho ikiwa karibu, Bi Sindano akamvuta pembeni.

"Mwanangu, hebu tazama goti lako."

"Naliona kila siku, Bi Sindano."

"Basi leo lione vizuri. Hapa pamebaki pa uzi mmoja tu, tena nikiubana. Ukizidi huo, joho linatoka, na hawa watu wako wanarudi majumbani. Sikutishi. Nakwambia kama ninavyomwambia binti yangu."

Bainisha alimshukuru na kuingia darasani. Hakujua kwamba maneno yale yalisikika dirishani.

Tangu jioni ile darasa likanyamaza. Alieleza namna uzito unavyoshuka kutoka kwenye tao hadi kwenye nguzo. Wakaitikia kwa vichwa. Akaeleza tena kwa njia nyingine, na vichwa vikaitikia vilevile. Siku ya kwanza alifurahi, akadhani amefundisha vizuri kupita kawaida yake, na akarudi nyumbani akiimba. Siku ya pili furaha ilipungua. Siku iliyofuata aliwaletea udongo wa mfinyanzi na sinia za maji, akawaambia wagawane pande mbili za kila sinia na kujenga daraja dogo linalokutana katikati.

Alipopita kukagua, moyo ulimshuka. Hakuna daraja hata moja lililokutana. Na katikati ya kila sinia, pale pande mbili zilipopishana, kulikuwa na kijingazi cha vijiti, kimefungwa kwa uzi vizuri kabisa.

"Hiki nini, Kitofali?" alimwuliza mfyatua tofali mmoja, mtu wa mabega mapana na haya nyingi.

"Ngazi, Mwalimu."

"Naona ni ngazi. Imefuata nini hapa?"

"Si ipo kwenye lile daraja kubwa? Tulidhani ndivyo madaraja yanavyokuwa."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Bainisha aliketi kwenye ukingo wa meza. Chipukizi alikuwa ameanza kuhangaika, akamshusha na kumnyonyesha, na huku akiwatazama wanafunzi wake mmoja mmoja. Wote walitazama chini, isipokuwa Thubutu, muuza uji, ambaye hakujaliwa kutazama chini.

"Niambieni," alisema Bainisha kwa upole. "Mmefanya nini?"

"Tumekula kiapo, Mwalimu," akajibu Thubutu. "Hakuna kuuliza mpaka Siku ya Majoho ipite. Atakayefungua mdomo atawanunulia wote uji mwezi mzima, na wajua watu hawa wanavyokunywa."

"Na kama hamjaelewa?"

"Tutaelewa baadaye. Wewe ukivuliwa hilo joho, sisi tunakwenda wapi? Mimi mchana nina sufuria na mwiko. Ustadhi Fasaha hafundishi jioni. Heri tukae na mwalimu tusiyemwelewa siku chache kuliko kumkosa kabisa."

Bainisha alihisi machozi yakimjia, akayarudisha. Zawadi ile ilikuwa ya watu wasio na kingine cha kutoa, na ukubwa wake ulimtia hofu. Angeweza kuipokea. Angevaa joho, darasa lingebaki, na kila mwaka wangefika watu wengine waliochoka, wakae kimya kwa mapenzi, waondoke na vijingazi vya vijiti mikononi. Alimtazama mtoto kifuani, aliyekuwa amekamata kidole chake na kukigeuza huku na huku akikipeleleza.

"Nisikilizeni, wapendwa wangu," alisema. "Mkinyamaza, joho litabaki na mwalimu ataondoka. Kitakachosimama hapa mbele kila jioni kitakuwa nguo. Mimi sikuja kufundisha ili nivae. Thubutu, kuna neno linakuwasha tangu juzi. Litoe."

Thubutu alimtazama Bi Sindano. Bi Sindano alitazama dari.

"Kimo cha nguzo," akasema Thubutu polepole, "kinapimwa kuanzia wapi? Usoni pa maji, au ukingoni? Na kama ni ukingoni, ukingo upi, maana hii mito yetu ng'ambo moja haifanani na nyingine?"

Bi Sindano akakuna sikio. "Haya masikio ya utu uzima," alinong'ona, "kuna mambo hayayapati vizuri. Sidhani kama nimesikia kitu."

"Umesikia, Bi Sindano," alisema Bainisha, akasogeza mguu. "Shona. Naona Kitofali naye ana lake, kwa hiyo usiwe na haraka ya kukata uzi."

Ndipo ilipotokea kwamba mwalimu alifundisha huku mshonaji amepiga magoti miguuni pake, na wekundu ukipanda, ukalifunika goti, ukalivuka. Bainisha hakutazama chini hata mara moja.

"Jibu la swali la Thubutu silijui," aliwaambia. "Nilipofundishwa sikuambiwa, na nilikuwa mtu wa adabu, sikuuliza. Kesho tukutane mtoni, tukalitafute."

Wakalitafuta. Kupima kutoka kwenye maji walikuacha mara moja, kwa kuwa mto huo hujaa na kupungua. Kingo nazo zilikuwa zimepishana kama meno ya mzee. Bainisha alikumbuka beseni la kumwogeshea mtoto: hata uliweke kwenye mteremko, uso wa maji ndani yake hulala sawa. Wakalileta beseni, wakaliweka juu ya mawe, wakachungulia kupitia uso wa maji hadi ng'ambo, huko mwenzao akipandisha na kushusha kitambaa kwenye mti mpaka kilingane na mstari wa macho yao. Mara ya kwanza Kitofali aliliinamia kwa pupa, akalipindua, wakacheka mpaka wakakaa chini. Baadaye walipata alama moja inayoonekana kutoka ng'ambo zote mbili, na kutoka hapo kila kitu kilipimika. Thubutu alirudi nyumbani akiongea peke yake njiani.

Siku ya Majoho Baraza lilijaa hadi kwenye ngazi za nje. Ustadhi Fasaha alikaa kiti cha mbele, mweupe kama wingu. Bainisha aliitwa mbele ya Kadhi Insafu, mzee mwembamba ambaye alipenda haki kwa dhati lakini hakuwahi kupata nafasi ya kuitafuta, kwa kuwa katika Nyamavu kesi zilikwisha kabla ya kuanza.

"Bainisha binti Upole, wekundu umekuvuka goti. Wakiri?"

"Nakiri, Mheshimiwa."

"Ulikuwa na habari ya sheria?"

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini basi uliwaachia wakuulize?"

Kabla Bainisha hajajibu, Kadhi alihisi kitu kikimgusa mguuni. Bi Sindano alikuwa amejongea na kigoda chake, uzi mdomoni, akilishika pindo la joho la Bainisha kwa mkono mmoja na kuusogeza mguu wa Kadhi kwa mwingine.

"Bi Sindano, unafanya nini?"

"Nashona, Mheshimiwa. Umeuliza mara tatu. Na hilo la kwangu sijui nalitia wapi, maana mimi sina joho."

Baraza zima likaangua kicheko, halafu likakumbuka adabu. Kadhi Insafu hakucheka. Aliangalia uzi, akamwangalia mama kijana aliyesimama mbele yake na mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka ya ukadhi wake jambo likamgonga: kwamba hana njia ya kuijua kweli isipokuwa hiyo ya kuuliza, na kwamba kila anapoitafuta humwongezea mshtakiwa hatia.

"Bi Sindano, weka sindano chini," alisema. "Mwalimu, omba unachotaka."

"Naomba Baraza liende darajani, Mheshimiwa. Na wanafunzi wa Ustadhi waje, na wangu waje. Kisha mimi nikae mbali, ambako hawanisikii."

Wakaenda wote, majoho yakiburuzwa vumbini. Pale chini ya Ngazi ya Taadhima Kadhi aliwataka wanafunzi wa Ustadhi waeleze kimo cha nguzo. Wakajipanga, wakatamka kwa sauti moja, tamu, isiyokosea: "Nguzo na iinuliwe kimo cha mitende miwili, isimame kwa adhama isiyotikisika." Umati ukapumua kwa raha.

"Vizuri sana," alisema Kadhi. "Sasa tuonyesheni. Mitende miwili kutoka wapi?"

Wakatazamana. Kijana mmoja alifungua kinywa, akamgeukia Ustadhi Fasaha, akaona weupe wa lile joho, akafunga kinywa. Bainisha alimwona kutoka alikoketi chini ya ukingo na Chipukizi, na hakufurahi. Alimfahamu kijana yule. Alikuwa yeye mwenyewe wa zamani.

Wanafunzi wa jioni walipoitwa walikuja na beseni, na hawakupendeza hata kidogo. Walibishana. Kitofali alitaka kuliweka beseni karibu na maji, Thubutu akamwuliza kwa nini hapo, Kitofali akashindwa kujibu na kulisogeza. Msuka mikeka mmoja alisema mstari umekwenda kombo, wakaurudia, naye akawa amesema kweli. Mara mbili waligeuka kumtafuta mwalimu wao kwa macho, wakamwona anamfuta mtoto makamasi, wakaendelea wenyewe. Mwishowe walichora kwa chokaa mstari mmoja kwenye nguzo za mashariki na mwingine kwenye nguzo za magharibi, na hata mtoto aliyepakatwa angeona ni wapi upande mmoja ulipozidi na kwa kiasi gani.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa wakiitazama ngazi, wakikumbuka magoti yao.

Ustadhi Fasaha alishuka peke yake hadi ukingoni, akiliinua joho lisiguse tope, kisha akaliachia likaguse. Akasimama mbele ya Bainisha.

"Mwalimu mwenzangu," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa na vina. "Mto ukijaa ukaifunika ile alama, mtafanya nini?"

Bainisha alimsogezea jiwe la kukalia. "Hilo tulilizungumza, Ustadhi, na bado hatujakubaliana. Keti nikwambie tulipofikia, labda wewe utaona tusipopaona."

Akaketi. Nyuma yake Bi Sindano alitokea, kwa mazoea tu, na uzi mkononi. Ustadhi Fasaha akalikusanya pindo lake jeupe, akalimnyooshea.

"Uzi huo ni wangu," alisema. "Ulichelewa kunifikia."

Jua lilipokuwa likipunga, Kadhi Insafu alisimama kwenye kipago cha kwanza cha ngazi na kutoa hukumu. Kwa kuwa alikuwa amependezwa mno, akataka kwenda mbali: tangu siku ile, alisema, wekundu uwe ndiyo heshima, na mwalimu mwenye nyuzi nyingi kupita wote akalie kiti cha mbele. Umati ukapokea kwa vifijo, na walimu wawili watatu walionekana wakipima mapindo yao kwa viganja.

"Nakuomba usifanye hivyo, Mheshimiwa," alisema Bainisha.

"Kiti ni chako, nawe unakikataa?"

"Nikipewa kiti kwa wingi wa nyuzi, kesho nitafundisha ovyo makusudi ili niulizwe. Na hawa wangu nawajua, watauliza hata saa ya kula ili mwalimu wao apande cheo. Tulikuwa tukihesabu ukimya, sasa tutahesabu kelele, na daraja litabaki na ngazi yake."

Vicheko vilipita, hata kwa Kadhi. "Basi ubora wa mwalimu tutaujuaje?"

"Kama ulivyoujua leo. Mwondoe mwalimu, uwaangalie wanafunzi wanafanya nini. Halafu waache wakae na kazi, urudi baadaye uwaangalie tena. Itachukua muda zaidi kuliko kutazama pindo, lakini Kilele kuna watu wenye macho."

Kadhi akaamuru majoho yote yavuliwe, meupe na mekundu, na darasa la jioni lisifungwe wala kuguswa.

"Na mimi?" Bi Sindano alisema kwa unyonge. "Mimi nishone nini?"

"Hariri yote hiyo," Bainisha alimjibu, "na watoto wote hawa wanaobebwa kwa kanga zilizochakaa?"

Ikawa hivyo. Upande wa magharibi wa Daraja la Fahari ulibomolewa na kuinuliwa upya kwa mikono ya wanafunzi wa mchana na wa jioni, na katika kazi hiyo palikuwa na makelele yasiyopata kusikika Nyamavu. Ustadhi Fasaha alikuja kila jioni kuketi benchi la nyuma katika darasa la Bainisha, na Thubutu alimlalamikia mwalimu kwamba mzee huyo anauliza mno, wengine hawapati nafasi.

Jioni ya kwanza baada ya kazi kukamilika, Bainisha alifunga darasa na kushika njia ya nyumbani. Chipukizi alikuwa mgongoni ndani ya mbeleko mpya ya hariri nyeupe, yenye pindo pana jekundu. Alipofika katikati ya daraja, mwili wake ulijiandaa wenyewe: mkono ulikwenda nyuma kumshika mtoto, mguu ukatafuta kipago. Haukukipata. Akaendelea kutembea, hatua kwa hatua, mpaka miguu yake ikakanyaga udongo wa ng'ambo.

Akageuka kupatafuta mahali ilipokuwa ngazi, na hakupatambua. Mgongoni mwake Chipukizi alivuta pumzi ndefu, akaugeuza uso upande wa pili wa bega, akaendelea kulala.